Tisini na Tisa

Profesa Orville Lindqvist alikuwa akipanga vitabu vyake kwenye maboksi, siku ya mwisho ya miaka arobaini ya kufundisha uchumi pale Ohio, Tamsin alipoingia bila hodi. Tamsin alikuwa mwanafunzi wake wa udaktari, na kama ilivyo desturi yao, alikuwa amepewa kazi ya kurudia hesabu za utafiti wa mwalimu wake, hatua kwa hatua, ili ajifunze.

"Profesa, hii tisini na tisa ni nini?"

"Saa za kazi kwa wiki. Siku hizi hamsomi, binti?"

"Nimesoma. Nimesoma hata fomu zenyewe, kule stoo. Kila aliyekataa kujibu aliandikiwa tisini na tisa, alama tu ya kutojibu, si saa."

Mzee akaketi juu ya boksi. Utafiti ule ndio uliompa jina. Ulisema wajane wakinyimwa msaada wa serikali hujituma kuliko zamani. Majimbo yakausikiliza, yakakata msaada. Kumbe wale wanawake walikuwa wamenyamaza tu, na yeye akauhesabu ukimya wao kuwa jasho.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Leo wananiaga, Tamsin. Mwanangu katoka Oregon na wajukuu. Ningoje hata wiki moja."

"Nitangoja," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini wale wajane wamengoja miaka ishirini na sita, Profesa."

Alipotoka, mzee aliinamisha kichwa ili kusali. Maneno hayakuja.

Mchana ukumbini kulikuwa na kuku, keki na sifa tele. Prentiss, mkuu wa idara, akapaza sauti: "Haya mzee, tupe mzaha wako mmoja kabla hujaenda kuvua samaki!"

Lindqvist akasimama, akaishika meza kwa mikono miwili.

"Utafiti wangu wa wajane si kweli. Nilikosea."

Watu wakaangua kicheko. "Huyu hazeeki!" Prentiss akapiga makofi.

Mzee hakucheka. Wa kwanza kunyamaza alikuwa mwanawe, maana aliujua uso ule. Alikuwa ameuona siku walipomzika mama yake. Kisha meza ya nyuma ikanyamaza. Kisha zote.

"Orville, kaa bwana," Prentiss alinong'ona. "Unajiharibia."

"Tamsin," mzee alisema, akimtazama binti aliyekaa kati ya wageni, "kalete zile fomu."

Akabaki amesimama, akimsubiri.