Kibwagizo cha Chemchemi

Hakuna kinachonitia kichefuchefu kama meneja wa kiwanda cha maji akitamka neno "urithi." Hulitamka amefumba macho, utadhani analamba asali. Alikuja kwenye kiwanda chetu cha uchapaji na kipande cha gazeti la zamani chenye shairi la bibi yangu, kuhusu ile chemchemi ya moto ambayo watu hutoka mbali kuja kupiga nayo picha.

"Dada, hii ni dhahabu. Weka kibwagizo tu kwenye lebo."

Nikamwambia shairi lina beti nyingine. Akacheka, akasema mwenye kiu hasomi beti.

Kazi ni kazi, nikaichapa. Juu picha ya chemchemi, chini yake: *Maji haya ndiyo dawa, nyweni mpate uzima.* Nilipompelekea Mama chupa ya kwanza aliigeuzageuza, kisha akaiweka sakafuni, mbali na chakula.

"Wamemfanya mama yangu mchuuzi," alisema. "Watu watadhani alikuwa anasifu."

Bibi hakusifu kitu. Enzi za kazi ya lazima, vibarua wa barabara waliooza miguu walikuwa wakitupwa chemchemini, na wasichana wa hapo walishurutishwa kuwaosha, Bibi akiwa mmoja wao. Kibwagizo kile ni maneno ya msimamizi. Ndiyo aliyowaambia wagonjwa, huku yeye mwenyewe akichotewa maji ya mtoni. Bibi aliyachukua akamzomea nayo kila ubeti. Shuleni hatukufundishwa habari hizo. Tulizipata kwa Mama, aliyekuwa akighani akifua.

Kwenye uzinduzi meneja alimwomba Mama aghani. "Ubeti wa kwanza tu, Mama. Wageni wana haraka."

"Sawa, baba," Mama alijibu, kwa upole ule ambao sisi wanawe tukiusikia hutafuta mlango.

Ukumbi ulinukia manukato na kapeti mpya. Kila mgeni alikuwa na glasi mkononi. Mama akaanza na mwamba, mvuke na maji yanayochemka bila kuni, na kama ilivyo ada ya ghani, waliokaa wakapokea kibwagizo, wakikisoma kwenye chupa za mezani, kwa sauti moja. Wakanywa. Meneja akapiga makofi ya kumshusha jukwaani, lakini Mama hakushuka.

*Wa kuchimba barabara, miguu imeshaoza,*
*Twawaosha kila mara, usaha wajichuruza,*
*Msimamizi hufura, kwa fimbo atuhimiza,*

Akawatazama kama mwalimu anayengoja jibu. Na wao, kwa mazoea, wakajibu: *Maji haya ndiyo dawa, nyweni mpate uzima.* Ndipo maneno yalipozifikia akili. Bwana mmoja mwenye tai alirudisha funda zima kwenye glasi, uzi wa mate ukaning'inia kidevuni. Nilimwonea kinyaa, kisha nikajionea mwenyewe, maana lebo ile niliichapa mimi.

Mama akaendelea. Alipofika *Walokufa ni wa kwetu, kaka yangu miongoni,* hakuna aliyepokea. Akakiimba kibwagizo peke yake, polepole, macho kwa meneja. Meneja alikuwa na maji mdomoni, mashavu yamevimba, na wapiga picha walikuwa mbele yake. Akameza. Nilimsikia.

Baadaye alitufuata mlangoni. "Mama, mbona hukuniambia ni shairi la msiba?"

"Gazeti ulikuwa nalo wewe, baba."

Wiki iliyofuata akaleta lebo nyingine. Chemchemi ileile, anga limeongezwa bluu, shairi halipo. Maji ni yaleyale na yananunuliwa vilevile. Hata jirani yetu huwanywesha wanawe. Nikamwuliza Mama kama hii ndiyo faida ya kusimama pale.

"Waache wauze," alisema, akikamua shuka. "Mama yangu hawamsingizii tena."