Mlio Ambao Isidore Hakuusikia

Isidore alikuwa amelala chali ndani ya gari, kichwa chini ya dashibodi, akikaza parafujo ya mwisho. Mwenye gari, mama Madeleine, mwalimu wa kijiji cha Mulungwishi, alilalamika kwamba kuna kitu kinagongagonga upande wa abiria kila anapopita kwenye mashimo. Isidore alikuwa ameng'oa viti na kubandika vipande vya mpira kila palipolegea. Akaliendesha mara mbili kuzunguka mtaa. Hakusikia kitu. Akamwambia limepona.

Kesho yake mama akarudi, akasimama mbele yake. "Papa Isidore, haiyaisha. Iko inalia tu vilevile."

Hapo ndipo alipoogopa. Miaka kumi na tisa aliyofanya kazi kando ya mashine ya kusaga mawe ya mgodini ilikuwa imeyala masikio yake polepole, naye akijidanganya kwamba siku hizi watu wanasema kwa sauti ya chini. Tena ni fundi aliyejulikana mji mzima wa Likasi kwa kutambua ugonjwa wa gari kwa kusikiliza.

Akamwita mke wake, Claire, aliyekuwa akiuza unga mbele ya nyumba, akamketisha kwenye kiti cha abiria. Walipofika penye mashimo, Claire akamshika mkono.

"Unasikia?"

"Minye sisikie kitu, mama," Isidore akamjibu mkewe.

Claire akanyoosha kidole, si kwenye dashibodi, bali chini, penye gurudumu.

Isidore akainua gari kwa jeki, akalitikisa gurudumu kwa mikono miwili. Likacheza kama jino bovu. Rotule, kile kiungo kinacholishikilia gurudumu, ilikuwa imelika kabisa. Safari moja zaidi ingechomoka. Na jana alimkabidhi mama wa watu funguo, akimtakia safari njema. Akaing'oa rotule hiyo, akafunga nyingine mpya.

Madeleine alipokuja jioni, Isidore akamweleza yote. "Jana nilikuambia imepona. Sikusikia kitu. Masikio yangu ilikufa."

Madeleine akaingia garini, akamfungulia mlango wa abiria. Kwenye mashimo Isidore aliweka kiganja juu ya dashibodi ili ahisi mtikisiko, akageuka kumtazama. Madeleine alikuwa amekaza macho barabarani, midomo ikicheza. Isidore hakuweza kujua kama anasema naye, au anamwomba Mungu.