Bati la Ushahidi

Nerina alimfunga mumewe vifungo vya shati kuanzia chini, harakaharaka, kama anayemvalisha mtoto aliyechelewa shule. Learco alisimama ameachia mikono. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama nta tangu alfajiri. Alivichovya kwenye maji ya moto, akaviona vikigeuka vyekundu. Kuvihisi, hakuvihisi.

"Wakikupa kitu ushike, kidondoshe," Nerina alisema.

"Nikidondoshe makusudi?"

"Kikombe cha kahawa asubuhi hii ulikivunja makusudi? Basi kidondoshe na huko."

Miaka thelathini na mmoja Learco Bonvicini aligonga bati la alumini katika karakana moja ya Modena, akilikunja juu ya gogo mpaka likae juu ya kiunzi cha waya na kuwa madigadi ya gari ambalo hatalipanda. Miaka tisa ya mwisho ilikuja nyundo ya upepo, inayotetemesha mkono kutwa nzima, nayo ndiyo iliyomla vidole. Leo ofisi ya majeruhi wa kazini ingeamua. Wakikubali kwamba ni maradhi ya kazi, angepumzika kwa malipo ya ulemavu. Wakikataa, Jumatatu anarudi kwenye nyundo ileile, au anaondoka bila kitu.

Daktari wa ofisi hiyo alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua. Alimfumbisha macho, akachukua sindano.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Kwani umeshaanza?"

Daktari akaandika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo mhandisi Tagliazucchi, aliyetumwa na mwajiri, alipofungua blanketi na kuweka mezani kipande cha mlango wa gari.

"Sindano inadanganyika, daktari. Huyu ni mgonga bati, tumpe bati." Akamgeukia Learco kwa sauti ya kirafiki. "Hebu litazame, fundi. Vijana wamelimaliza juzi. Wanasema limenyooka kabisa, hata wewe huwezi kulitoa kasoro."

Learco alipitisha kiganja. Hakuna kitu, kama kupapasa hewa. Hapo angenyamaza. Angesema sijui, wakaagana.

Lakini mwanga wa dirisha ulivunjika kidogo juu ya lile bati.

"Nani kalipiga?"

"Kwani lina shida? Mimi naliona safi."

"Safi!" Learco akapandisha mkono wa shati kwa meno. Akapitisha upande wa ndani wa mkono, juu ya kifundo, pale ambapo ngozi ilikuwa bado hai, polepole, kama mama anayepima joto la maji ya kumwogesha mtoto. "Hapa limevimba. Na hapa wamelipiga mpaka limekonda, litapasuka. Mkilipaka rangi, aibu hii itaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mnawafundisha nini hao vijana?"

Mhandisi alimtazama daktari, akasubiri kalamu.

"Nimetumia juu ya kifundo!" Learco alisema. "Si vidole. Daktari, umeniona."

"Nimekuona." Daktari alipenga kamasi. "Fomu inauliza kama mfanyakazi bado anatambua kasoro za kazi yake. Haiulizi anatambua kwa kiungo gani."

"Basi fomu ya kijinga."

"Si mimi niliyeiandika, bwana."

Nje, Nerina alimsoma usoni kabla hajafika ngazi ya mwisho.

"Walikupa bati."

"Lilikuwa baya, Nerina. Baya mno."

"Ungeliacha liwe baya!" alifoka, na mlinzi wa mlangoni akageuka. "Lilikuwa lako? Lilikuwa la mama yako? Ungeliacha!"

Jumatatu alipewa madigadi ya kushoto. Alibana mpini wa nyundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu bila kubana hakujua kama ameushika. Saa nne hivi, Athos, msimamizi wa zamu, alisimama karibu naye.

"Learco. Unavuja damu."

Learco akaizima nyundo. Akainua mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku. Safi. Akainua wa kushoto, ule aliodhani bado mzima. Kidole gumba kilikuwa kimechanika mpaka kwenye ukucha, na damu imeteremka kwenye mkunjo wa alumini hadi ukingoni.

Athos akamrushia kitambaa.

"Anza na bati," alisema. "Ikikauka hapo inaacha doa."