Samaki wa Karieri

Siku samaki wa Karieri walipoelea wote, Mwanvua alikimbia ukingoni pamoja na wenzake, akashika kichwa kama wao, akasema "Mungu wangu" kama wao. Yeye peke yake alijua kilichowaua.

Karieri ni shimo kubwa ambalo kampuni ya madini iliacha kwenye njia ya Lusangi, likajaa maji ya mvua. Miaka mingi hakuna aliyethubutu hata kuoga humo, maana ilisemekana mgodi uliacha sumu chini. Ndipo Emile, mkulima jirani, alipoleta tilapia wadogo ndani ya mabidoni ya plastiki, kwa pikipiki, kutoka mabwawa ya Kabambare.

"Labo yangu ya kupima maji ni hii," alisema akiwamimina. "Wakiishi, tunakunywa. Wakifa, tunajua."

Waliishi, wakanona, wakazaa. Wanawake wakaanza kuteka pale, wakausahau ule mteremko wa mtoni unaovunja magoti. Sharti la Emile lilikuwa moja tu: asivue mtu hadi samaki waenee.

Sasa, Mwanvua alikuwa na wageni. Watu wa Nyangwe walikuja kumposa Latifa, binti yake wa kwanza, na watu wa Nyangwe wamelelewa kwa samaki wa mto Lualaba. Angewawekea mboga ya sombe na maharagwe, warudi wakimcheka? Kabla jua halijatoka alitwanga majani ya utupa, kama mama yake alivyomfundisha, kama wanawake wa kwao wanavyofanya kwenye vijito wakati wa kiangazi. Unamimina, samaki wanalewa, unaokota wa kukutosha, na maji yanaondoka na dawa yako. Mlaji hadhuriki. Alimimina pembeni mwa Karieri, akajaza kitunga, akaenda zake. Wageni walikula mpaka wakalamba vidole. Sahani moja alimpelekea Régina, jirani yake mwenye mimba.

Kitu kimoja hakukifikiria. Kijito kina mwendo. Karieri haina pa kwenda.

Kesho yake, baada ya samaki kuelea, mkuu wa kijiji, shefu Moussa, alikataza maji yale. Watu walisema Emile alikuwa akichimba madini ya kasiterite chini kwa siri, akaiamsha sumu ya zamani. Mwanamke mmoja alimfuata mpaka mlangoni pake.

"Ulinywesha watoto yangu sumu, na ulikuwa unacheka! Labo! Labo ya nini?"

Emile alikuja kwa Mwanvua kuazima beseni la kukusanyia mizoga, na Mwanvua, badala ya kumpa beseni tu, akaenda naye kuokota. Harufu ilikuwa imeanza. Emile alimwinua samaki mmoja, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Ndani walikuwa vifaranga, wadogo kama punje za ulezi, wamekufa pale pale mama yao alipowaficha.

"Angalia, Mama Latifa. Aliona hatari, akawameza awalinde."

Mwanvua aliangalia. Alimchukua yule samaki, akamtia ndani ya beseni. Akasema, "Beseni limejaa, tukazike." Alijichukia kabla hawajafika kwenye shimo la kuzikia.

Wanawake wakarudi mtoni. Régina alishuka na bidoni lake akijitania njiani: "Tumbo inatangulia, mimi niko nyuma yake tu. Tukifika, itanisubiri." Siku ya mvua, akipanda mteremko, aliteleza. Mimba ilisalimika. Mkono ulivunjika.

Mwanvua alipofika kumwona, nyumba ilikuwa imejaa. Shefu Moussa alikuwa kwenye kiti, na shangazi yake Régina, mama mwenye sauti ya kuitia watu shambani, alikuwa anamaliza hukumu.

"Emile atoe mbuzi kwa mukono hii, kisha ahame. Arudi na samaki yake Kabambare."

Emile alikuwa amesimama nje, kofia mkononi.

"Si Emile," Mwanvua alisema. Alisikia sauti yake imetoka ndogo, akarudia. "Si Emile, shefu. Ni mimi. Nilitia utupa."

Shefu Moussa akageuka kitini.

"Utupa?" Shangazi aliinuka. "Mu maji yenye kusimama? We mutu muzima! Ata mutoto anajua!"

"Sikufikiri. Nilitaka samaki ya wageni."

"Wageni! Tumepanda ule mulima sababu ya tumbo ya watu wa Nyangwe!"

Régina alikuwa anamtazama kutoka kitandani. "Na ile sahani uliniletea?"

"Ndio hao, dada."

Régina alicheka mara moja, kicheko kikavu. "Na nilikushukuru."

Hakuna tusi la shangazi lililomchoma kama hilo. Mwanvua akageukia mlango. "Maji haina sumu ya mgodi. Utupa inaisha kwa jua. Niko tayari kunywa mbele yenu wote, sasa hivi."

"Kunywa kwako hakupimi kitu, mama," Emile alisema kutoka nje. Hakupaza sauti. "Wewe unaweza kuficha ugonjwa kama ulivyoficha hii. Samaki haifichi."

Shefu Moussa alisafisha koo, akamwomba Emile msamaha mbele ya watu. Habari ya mbuzi haikutajwa tena. Kuhusu Karieri, alisema marufuku inabaki mpaka samaki wengine waishi humo na kuzaa. Emile akapanda pikipiki kwenda Kabambare kuchukua tilapia wengine.

Watu wa Nyangwe wametuma salamu: siku ya ndoa wanaomba samaki wale wale. Latifa alimpa mama yake ujumbe huo bila kumtazama usoni.

Mwanvua hakungoja kuambiwa. Kila asubuhi hushuka mtoni na mabidoni mawili, lake na la Régina. Kwenye mteremko wanawake humpisha njia, na salamu zao ni fupi. Akirudi, huweka mizigo chini kando ya Karieri na kusimama mpaka aone mgongo wa samaki mdogo ukikata maji. Halafu hujitwika tena.

Régina humsubiri mlangoni, mkono umefungwa vijiti.

"Wanaishi?"

"Wanaishi."

"Wamezaa?"

"Bado."

"Basi mimina," husema Régina, akimsogezea mtungi kwa mguu.