Beseni la Ukurasa wa Saba

Kabla kile kijitabu hakijafika ufuoni, Ajwang alikuwa na adui mmoja tu, na alimjua kwa jina. Frankline, mwenye boti mbili za omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, pale Asembo Bay, alimwambia hata matanga ya mumewe hayajapoa kwamba mjane hanunui samaki kwa pesa peke yake. Ufuo mzima huliita jambo hilo, la samaki kulipiwa kwa mwili, jaboya, na hulitaja vile mtu angetaja bei ya chumvi. Ajwang alikataa. Tangu siku hiyo akawa anauziwa omena za mwisho, zile zilizovunjikavunjika chini ya boti, akazianika na kwenda kuziuza sokoni Ahero hivyo hivyo, bila kumlilia mtu.

Kisha akaja Lorine kutoka Kisumu. Alikuwa msichana msomi mwenye adabu, wa shirika moja la kutetea wanawake, na kwa siku tatu aliwaketisha wachuuzi wa samaki kanisani akiwaeleza kwamba mwanamke mweusi hapigwi na jambo moja. Umaskini, ujane, uke wake, hata rangi yake akifika mbele ya wenye misaada, vyote humwangukia kwa pamoja, na anayepima kimoja peke yake hajaona kitu. Wanawake waliitikia kwa vichwa. Dorca, rafiki yake Ajwang tangu walipoolewa mwaka mmoja, alinong'ona kwamba hayo wanayajua toka zamani, ila hawajawahi kupewa chai kwa kuyajua.

Lorine alisema pia kwamba mtu asikubali kusimuliwa na wengine. Neno hilo lilimwingia Ajwang, akasimulia yote, na Frankline ndani yake. Lorine alilia kwa kweli, akaahidi kubadilisha jina na kuficha uso kwenye kijitabu cha shirika lake.

Na ahadi alitimiza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwenye kijitabu Ajwang aliitwa Bridget, na ukurasa wa saba ulikuwa na picha ya mikono yake tu, imeshika beseni. Sasa, ufuoni kule kila mwanamke hupaka beseni lake rangi, kwa sababu hupangwa mstari mchangani kabla boti hazijafika, na anayejaza lazima ajue lipi ni la nani. La Ajwang lilikuwa na mistari miwili myeupe na duara jekundu. Mtoto wa chekechea angelitambua. Lorine mwenye digrii mbili aliona beseni zuri, akapiga picha. Chini yake akaandika kwamba sauti ya mama huyu haijawahi kusikika, naye Ajwang ndiye aliyekuwa akisikika mpaka ng'ambo ya ghuba kila asubuhi akibishania bei.

Obonyo, mwenyekiti wa kamati ya ufuo, alikipata kijitabu mkutanoni Kisumu, akarudi nacho Jumanne. Jumatano boti zilijaza mabeseni yote, zikaruka la Ajwang. Alhamisi lilitoweka. Ijumaa asubuhi alilikuta mlangoni kwake, limetobolewa kwa msumari katikati ya lile duara jekundu, limefunikwa vizuri kwa kitambaa safi. Kitambaa hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Aliyelirudisha hakuwa na haraka hata kidogo.

Alimpigia Lorine simu. Lorine aliposikia habari ya beseni, alifungua ukurasa wa saba akaliona kosa lake. Akaomba msamaha mara nyingi, akasema atatuma gari, kuna chumba Kisumu, akae huko mpaka mambo yapoe. Ajwang alimuuliza kuhusu nyumba yake. Mjane akitoka kwenye boma, shemeji zake watang'oa ua na kulitwaa kabla vumbi la gari halijatua. Hilo halikuwemo kitabuni.

Jumamosi Obonyo aliwaita wanawake wote kwenye banda la kupimia samaki. Boti zilikuwa zimeshatia nanga, omena zimejaa, jua linapanda. Mezani palikuwa na karatasi iliyosema kwamba kijitabu ni uongo mtupu na ufuo huu haujui jaboya. Atakayetia kidole atanunua samaki. Asiyetia, basi tena. Wanawake wakapanga foleni. Dorca alikuwa wa tatu, akatia kidole bila kumtazama mtu. Ajwang aliumia kuliko alivyoumia kwa beseni.

Zamu yake ilipofika, Obonyo alizungumza kwa upole.

"Mama, weka tu kidole, haya maneno iishe. Hata hatutauliza huyo Bridget ni nani."

Aliogopa, tena sana. Kwa Frankline alikuwa mjane wa kuchezewa. Kwa Lorine, mama wa kuonewa huruma. Kwenye karatasi hii, mwongo. Wanawake watatu, na Ajwang hakumjua hata mmoja wao.

"Hakuna Bridget hapa," alisema. "Ni mimi. Naitwa Ajwang nyar Kano, binti wa Kano, na mwenye aliniambia hayo maneno ni Frankline. Amesimama nyuma yako."

Obonyo aliikunja karatasi polepole, akawaambia wanawake wengine watoke wakanunue samaki. Wakatoka mmoja mmoja. Dorca alitoka pia. Walibaki Obonyo, Frankline, wanaume wengine watatu wa kamati, na Ajwang, na Frankline akaenda kuufunga mlango.

"Sasa rudia," akasema.

Ajwang hakurudia. Alikuwa akisikiliza nje. Wanawake wa omena wakianza kununua, kelele zao hufunika kila kitu, na alijua ndiyo maana walitolewa waende kununua. Kelele zikianza, lolote litakalofanyika humu halitasikika. Alingoja zianze. Hazikuanza. Muda ulipita, mabati yakashika moto, na harufu ya omena zinazoanza kuharibika ikaingia kupitia nyufa za ukuta.

Obonyo alikwenda dirishani. Wanawake walikuwa wamesimama mchangani, kati ya banda na boti, mikono mitupu.

"Mnangoja nini? Samaki inaoza," aliwaambia.

Dorca alisogea mbele. Kidole chake kilikuwa bado na wino.

"Tunangoja Ajwang, Mwenyekiti. Akitoka mzima, tutanunua."

Obonyo aliangalia saa yake, kisha akaangalia boti na nzi walioanza kuzijia. Aligeuka akamwashiria Frankline afungue. Frankline naye alikuwa akimtazama Ajwang, na mkono wake ulikuwa bado kwenye komeo.