Mistari ya Mzee Ephantus

Wangu aliporudi kijijini Kabazi na shahada ya uhandisi wa kilimo, babake, Mzee Ephantus, alichinja mbuzi na kutangaza kwamba nyumba yake sasa ina injinia. Basi kazi zikaja, maana injinia hakosi kazi. Alitengeneza spika za kanisa, akaulizwa dawa ya ng'ombe aliyefura tumbo, akaombwa aendeshe trekta la kumsindikiza bwana harusi Gilgil. Alikuwa amesomea udongo na maji miaka mitano mizima, na hakuna aliyemuuliza habari ya udongo wala maji.

Shamba lao lilikuwa mteremkoni, na babake alililima kutoka juu kwenda chini. Mistari ilinyooka ajabu ukiitazama kutoka barabarani, na huko ndiko mkulima anakopimiwa heshima. Wangu akamweleza kwamba mvua kubwa ikija, kila mstari utakuwa mfereji, na udongo wa juu wenye rutuba utateremka wote. Akamsihi alime kwa kukingama mteremko na achimbe makinga maji.

Mzee akamsikiliza kwa heshima zote za injinia.

"Mistari iliyopinda?" akauliza. "Mimi mzee wa kanisa, watu waseme nimelima nikiwa mlevi?"

Kuendelea ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Jioni hiyo hiyo Mzee akawasimulia majirani kwamba binti yake anajua mvua itafanya nini hata kabla haijanyesha. Sifa hiyo ilimuuma Wangu kuliko kule kukataliwa.

Mvua ya Aprili ilianza adhuhuri. Ilipoacha, maharagwe yalikuwa yameng'oka, na udongo wote mweusi ulikuwa kwa Wanyoike, jirani wa chini, ambaye alipanda mlima kesho yake kuja kushukuru, tena kwa moyo safi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya asiyesikia la binti yake walinyamaza, labda kwa sababu nao walikuwa na mabinti.

Ephantus alisimama juu ya ardhi nyekundu, ngumu, iliyobaki, akamwita binti yake.

"Injinia, wewe ndiye umesoma. Uurudishe huo udongo."

"Baba, tulisomea kuuzuia usiende. Kuurudisha hakufundishwi popote."

Mzee akachutama, akaanza kukwangua ardhi kwa kidole. Hasira zote zikamwisha Wangu. Akabaki na huruma tu, ambayo hata ukiipanda haioti.