Ndugu Arobaini na Mmoja wa Mzee Faradji

Mwaka ule homa ilipoingia Kasongo, ukungu nao uligoma kuondoka. Ulishuka alfajiri juu ya mashamba ya mpunga, ukakaa chini chini mpaka karibu na adhuhuri, na mtu akipita njiani ulimwona kuanzia kiunoni tu, anaelea. Ulikuwa mwisho wa vita vikubwa vya Wazungu. Wapagazi waliobebeshwa risasi za Wabelgiji hadi Tabora walikuwa wanarudi makwao wamekonda na wanakohoa, kwa hiyo watu wa mji wakauita ugonjwa ule homa ya vita. Wazungu wao walisema umekuja na meli za mtoni. Kila upande ulikuwa unatafuta wa kumlaumu, na homa haikuwa na muda wa kungoja wakubaliane.

Waridi alikuwa mwosha maiti wa kike. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, marehemu, na siku za kawaida ilimpata mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili. Sasa ilikuwa watatu kwa siku. Alitoka ua huu akaingia ua ule na ndoo yake na majani ya ndimu, usingizi wa siku nyingi umemkaa machoni, hata hakujua tena kama anaosha au anaota kwamba anaosha. Mara nyingine maiti walimsemesha. Mmoja alimuuliza kama mvua imenyesha. Waridi hakushtuka, alimjibu kwa adabu kwamba bado, akamgeuza ubavu wa pili.

Mtu anayeosha watu wengi huona mambo ambayo wengine hawayaoni. Waridi aliona kwamba mama na binti yake wana kidole cha mguu kilekile, cha pili, kinachokipita cha kwanza. Aliona sikio la bibi limerudi kichwani kwa mjukuu, na kovu la kuzaliwa nalo likirudi mahali palepale mgongoni. Watu wazima wanayajua hayo, lakini wanayajua juu juu. Yeye aliyajua kwa viganja vyake, na kidogo kidogo akaanza kujiuliza: kama tumbo la mama linagawa masikio na vidole, nini kinalizuia kugawa pia kifua?

Jibu lilimjia nyumbani kwa baba mkwe wake. Mzee yule alikuwa na wake wawili. Watoto walikula sinia moja, wakalala chini ya paa moja, wakapigana mateke kwenye mkeka mmoja. Homa ilipoingia, iliwalaza wote waliokuwa bado nyumbani. Watoto watano wa mke mdogo walikohoa siku nne, wakaamka wakiulizia wali. Watoto wa mke mkubwa walikuwa watatu. Mabinti wawili Waridi aliwaosha ndani ya wiki moja, midomo yao imekuwa ya rangi ya zambarau, na alilia akiwaosha kwa sababu walikuwa mawifi zake na walikuwa wanampenda. Aliyebaki wa tumbo lile alikuwa Hemedi, mshona kofia, mume wake.

Hakuwa na elimu ya kulipa jambo lile jina. Alijua tu kwamba sinia lilikuwa moja, na kwamba zamu iliyobaki ni ya Hemedi. Tangu siku hiyo alikuwa akiamka kabla yake kila asubuhi na kuweka mkono kifuani pake kusikiliza.

Upande wake mwenyewe mambo yalikuwa mengine. Mama yake alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, na wapagazi waliopita huko walileta habari kwamba katika ukoo wa mama yake halikuchimbwa kaburi hata moja. Mjomba wake, mzee Faradji, ambaye alihamia Kasongo kuuza mafuta ya mawese, alilala katikati ya wagonjwa akapata mafua ya kawaida tu, ya kupenga na kusahau. Hata Binti, mtoto wa Waridi wa miaka sita, homa ilimshika siku mbili, siku ya tatu akaomba karanga.

Mji una macho. Wa kwanza kumwendea mzee Faradji alikuwa Abdallah, muuza chumvi. Alifika anatetemeka, amejifunga blanketi, akasema, "Mzee, unichanje. Damu yako inikae mwilini."

Kuchanjiana kulikuwa jambo la heshima kule, na la zamani. Watu wawili wanakatwa chale ndogo mkononi, kipande cha ini la kuku kilichochomwa kinapakwa damu ya huyu, kingine damu ya yule, na kila mmoja anakula cha mwenzake. Shahidi anagonganisha visu viwili juu ya vichwa vyao na kutamka kiapo: atakayemkana ndugu yake, pumzi imkatikie njiani. Tangu hapo ni ndugu, kama waliotoka tumbo moja. Lakini zamani watu walichanjiana ili kumaliza ugomvi au kufanya biashara salama. Kuchanjiana ili kuazima kifua cha mtu, hilo lilianza na Abdallah.

Abdallah akapona. Pengine angepona hata kwa maji ya moto, lakini nani atamwambia hivyo mtu aliyepona? Kesho yake walikuja sita. Keshokutwa ua wa mzee Faradji ulijaa wanaume na wanawake, wazima kwa wagonjwa, wamebanana wakikoholeana usoni wakingoja zamu yao ya kuokoka. Nikifikiria ua ule mpaka leo hasira hunipanda. Mwalimu wa msikitini alitangaza kwamba kula damu ni haramu. Siku ya tatu alifika mwenyewe, akasema amekuja kumsalimia mzee tu, na mkono wa kanzu alikuwa ameshaukunja. Mikono ya mzee Faradji ikaisha nafasi, wakahamia mapajani. Kuku wa mtaa wakakaribia kuisha. Mwisho wa mwezi mzee alikuwa na ndugu arobaini, wa kiume na wa kike, na hakuna mlango Kasongo ambao asingeweza kuingia akaketi kula bila kukaribishwa. Kwa mzee mjane aliyezoea kula peke yake, hilo halikuwa jambo dogo.

Ndipo Hemedi akashikwa.

Siku ya tatu midomo yake ilianza kugeuka rangi. Waridi aliijua rangi ile. Alivuka njia akaenda kwa mjomba wake, akamkuta amekaa na mikono yake iliyofungwa vitambaa, na kabla hajafungua mdomo mzee alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Mujomba, umuchanje bwana yangu."

"Nilijua utakuja," alisema mzee Faradji. "Nilikuwa naomba Mungu usikuje. Sikia, mwanangu. Nikimuchanja Hemedi, iko ndugu yangu. Na weye iko mutoto wa dada yangu. Basi weye utakuwa mwipwa wake, na yeye iko mujomba wako. Mutu hawezi kulala na mwipwa wake. Ndoa inakufa palepale visu vikigongana."

"Na nisipokubali?"

Mzee akatazama ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ya Hemedi. Waridi alisimama kidogo mlangoni akiutazama ukungu. Miaka saba ya ndoa ilimpita mbele kama watu wanaotoka sokoni: Hemedi akipuliza nyuzi kutoka kwenye kofia iliyokwisha, Hemedi akiimba vibaya, Hemedi akimtengea ukoko wa wali kwa sababu anajua anaupenda. Alimpenda mno mume wake. Hakuna haja ya kulizungushia maneno.

"Chukua visu, mujomba," alisema.

Walipoingia kwake, Hemedi alikuwa macho. Aliliona ini la kuku, akaelewa, akauliza swali moja tu, kwa sauti iliyobaki.

"Nikikula hii, Waridi atakuwa nani kwangu?"

"Mwipwa wako," alisema mzee Faradji.

Hemedi akaurudisha mkono wake ndani ya blanketi. "Basi muache. Nitakufa Waridi iko bibi yangu."

Walimbembeleza, akafumba macho. Kuku alikuwa ameshachinjwa, ini linapoa. Waridi akapiga magoti karibu na kichwa chake, na maneno yaliyomtoka hakuyafikiria kabla. Yalitoka yenyewe, kwa sauti kavu ambayo hakuijua kuwa ni yake.

"Usikufe kwa ajili yangu, Hemedi. Miye nilishakuchoka. Tangu mwaka jana niko natafuta njia ya kurudi kwetu Kabambare. Nilikosa tu wa kunipeleka."

Akafungua macho. Kwa sababu ya homa alimwona mbali sana, ng'ambo ya maji mapana, na midomo yake inacheza.

"Iko kweli?"

"Iko kweli."

Hemedi akautoa mkono. Visu vikagongana, kiapo kikatamkwa, akala. Waridi alikunja mkeka wake siku hiyohiyo, akamshika Binti mkono, akahamia kwa mzee Faradji, ng'ambo ya njia. Uji wa mgonjwa aliupika yeye na kuutuma kwa mikono ya mtoto.

Siku tisa. Alikuwa akiosha maiti mchana na kila akirudi alisimama kwenye ukungu, mahali ambapo hawezi kuonekana, kusikiliza kikohozi cha nyumba ile. Kilikuwa kinene, kikawa chembamba. Siku ya kumi hakukisikia kabisa. Akabaki amesimama pale na ndoo yake, baridi imemshika miguu, akidhani ndiyo basi, mpaka aliposikia mtu anaimba vibaya.

Mji mzima ulifurahi. Damu ya Faradji! walisema. Imemtoa Hemedi kaburini! Waridi alifurahi pia, akamshukuru Mungu, na alipolala alilala kama jiwe kwa mara ya kwanza tangu homa ianze.

Halafu aliitwa nyumba ya fundi wa cherehani kumwosha mkewe. Alimfunua mkono, akakuta chale tatu, bado nyekundu. Akakaa chini. Kesho yake akamwosha dada yake mwanamke yule, na chale zake zilikuwa zimeshaanza kufunga. Wiki ile aliwaosha wanne wenye chale, na kila mmoja alikuwa na dada au mama aliyekufa kwa homa ileile. Ini walikula, kiapo waliapa, na homa ikawapitia vilevile kwa matumbo, kana kwamba hakuna aliyewakata. Wale wa matumbo mengine walipona, wenye chale na wasio nazo.

Damu haikufika. Alilisema peke yake, kwa sauti, na maiti aliyekuwa mbele yake safari hii hakusema kitu. Ya mjomba ilifika kwa Binti tu, kwa njia ya mama yake, kwa sababu Binti alizaliwa nayo, hakuikatiwa mkononi. Kwa Hemedi haikufika. Hemedi alipona kwa kitu chake mwenyewe, ambacho dada zake hawakukipata ingawa walilala tumbo lile lile, na Mungu ndiye anayejua alikigawaje.

Alinawa, akaacha ndoo hapohapo, akaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa Hemedi. Ilikuwa karibu na adhuhuri na ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Hemedi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, sindano mkononi, kikapu cha nyuzi pembeni. Alipomwona akainuka nusu, kwa heshima anayostahili jamaa.

"Karibu, mwipwa wangu," alisema.

"Miye hapana mwipwa wako."

Akamweleza yote. Alimweleza chale za mke wa fundi, na za dada yake, na za wale wawili wengine. Hakupunguza kitu. Hemedi alisikiliza huku akikizungusha kidole chake juu ya kovu la mkononi.

"Na kiapo?" aliuliza. "Pumzi imukatikie njiani. Ulikisikia."

"Kiapo kilifungwa na damu. Kama damu haikufika kwako, kilifungwa na nini?"

"Kama haikufika," Hemedi alisema polepole, "homa ikirudi, hakuna kitu inanizuia. Iko miye tu, na kifua changu."

"Iko weye tu," alisema Waridi. Hakuwa na namna ya kulilainisha.

Hemedi akalibana kovu kwa kidole gumba. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Alikuwa amezika dada wawili, na kwa wiki nzima alikuwa amelala usingizi mtamu akiamini kwamba kuna ukuta kati yake na kaburi. Sasa mwanamke huyu amekuja kuubomoa mchana kweupe, na kwa kurudi kwake anamtaka amkane mzee aliyempa damu yake. Njiani walipita watu wawili wenye chale mikononi. Walimwita ndugu, naye akawaitikia.

"Ulisema ulinichoka," alisema baadaye, bila kumtazama.

"Nilisema uwongo. Ungekataa ungekufa, nilivyojua miye siku ile. Nilikuwa sijui bado."

"Uliapa iko kweli."

"Sikuapa. Nilisema tu." Akasogea mpaka ukingoni mwa mkeka. "Hemedi, hakuna siku nilikuchoka. Hata moja."

Akangoja. Hemedi alichomeka sindano kwenye kofia, akaiweka chini. Kisha akakisogeza kikapu cha nyuzi mpaka ukutani, akajivuta pembeni, nusu ya mkeka ikabaki tupu.

"Ikaa hapa, bibi yangu," alisema.